Kujenga uwezo wa nchi kupima hali ya lishe wakati wa dharura: mwongozo kamili

Ukame ukiingia msimu wa pili, au vita vikihamisha watu kwa maelfu, wenye bajeti huuliza mambo mawili kwanza: watoto wangapi wana utapiamlo mkali, na wako wapi? Nchi isiyo na watu wake wa kuyajibu hungoja wageni. Wageni huja, huajiri vijana kwa wiki chache, hupima, huondoka na data, na dharura inayofuata huikuta nchi palepale ilipokuwa. Kibaya zaidi, mashirika manne yanaweza kupima wilaya moja kwa njia nne tofauti, kisha takwimu nne zikabishaniwa mezani huku watoto wakizidi kudhoofu.

Mwongozo huu ni kwa maofisa lishe wa wizara, watakwimu, waratibu wa maafa na mashirika yanayofanya nao kazi. Msimamo wangu ni kwamba idadi ya watu waliohudhuria mafunzo haituambii lolote kuhusu uwezo wa nchi. Tunachotaka kujua ni kama serikali inaweza kutoa takwimu za lishe zinazoaminiwa na mkuu wa wilaya, mfadhili na muuguzi wa kituo cha afya, tena mapema kiasi cha kuokoa watoto.

Hatua ya 1: Kubalianeni nani ana kauli

Watu wengi huanza na mafunzo. Mimi ningeanza na chombo. Undeni kikosi kazi cha taarifa za lishe chini ya wizara ya afya, chenye wajumbe kutoka ofisi ya takwimu, mamlaka ya maafa, chuo kikuu kimoja au viwili, UNICEF, WHO na mashirika yanayofanya tafiti za lishe. Mwenyekiti awe mtumishi wa serikali, na sekretarieti ikae serikalini. Ikikaa kwenye shirika, siku mradi wa shirika ukiisha kikosi kazi nacho kimekwisha.

Kipeni mamlaka matatu kwa maandishi. La kwanza, hakuna utafiti wa lishe unaoanza kabla kikosi kazi hakijapitisha andiko lake la kitaalamu. La pili, kila anayepima anakabidhi data ghafi, siyo ripoti peke yake. La tatu, hakuna takwimu inayotangazwa kabla data hizo hazijakaguliwa na kuthibitishwa.

Mamlaka haya yana hatari yake, nayo isemwe. Kikosi kazi kinachokaa na andiko mwezi mzima kinaua utafiti wa dharura. Andikeni muda: siku tatu za kazi kujibu andiko, siku tano kukagua data, na muda ukipita bila jibu kazi inaendelea. Andikeni pia kwamba uthibitisho unahusu ubora wa vipimo tu. Takwimu ikiwa inaiaibisha serikali, au ikiwa ndogo kuliko shirika lilivyotarajia katika ombi lake la fedha, hiyo si sababu ya kuizuia. Kipengele hiki kipitishwe wakati wa utulivu, kabla hakijagusa maslahi ya mtu yeyote. Dharura ikishaanza, hakuna atakayekubali kukisaini.

Hatua ya 2: Hesabuni mlicho nacho

Kazi ya wiki mbili, isiwe mwaka. Orodhesheni watu waliowahi kusimamia tafiti za lishe na wanakofanya kazi sasa, mizani na mbao za urefu zilizopo na hali yake, ramani, na orodha ya vijiji pamoja na makadirio ya watu. Chunguzeni pia ripoti za miaka mitano iliyopita: zilichukua siku ngapi tangu kipimo cha mwisho hadi matokeo, na ngapi kati yake zilibadilisha uamuzi wowote. Swali hilo la mwisho huwa na majibu machungu, lakini ndilo linaloonyesha pengo liko wapi.

Hatua ya 3: Andikeni utaratibu mmoja wa kitaifa

Hakuna haja ya kubuni njia mpya. Njia ya SMART, iliyoasisiwa mwaka 2002 ili mashirika yaache kupima kila moja kivyake, ndiyo inayotumika zaidi katika tafiti za lishe za dharura, na programu yake ya kompyuta ya kuchambua data, ENA, hupatikana bure. Utaratibu wenu wa kitaifa useme kwa lugha rahisi mambo yafuatayo.

Wanaopimwa ni watoto wa miezi 6 hadi 59. Utapiamlo mkali unatambuliwa kwa uzito kwa urefu ulio chini ya alama z ya -2 (alama inayoonyesha mtoto yuko mbali kiasi gani na kiwango cha kati) kwa viwango vya ukuaji vya WHO vya mwaka 2006, au kwa uvimbe wa miguu yote miwili. Chini ya -3, au uvimbe wa namna hiyo wenyewe, ni utapiamlo mkali sana. Kwa mzunguko wa mkono, yaani MUAC, chini ya milimita 125 ni utapiamlo mkali, na chini ya milimita 115 ni mkali sana. Toeni vipimo vyote viwili katika kila ripoti. Uzito kwa urefu na MUAC haviwakamati watoto walewale sikuzote, na anayechagua kimoja kwa urahisi wa kazi anawaacha baadhi ya wagonjwa nje.

Ongezeni vifo vya kipindi cha miezi mitatu hivi iliyopita, chanjo ya surua, vitamini A, na magonjwa ya wiki mbili zilizopita. Ishieni hapo. Dodoso la dharura lina maadui wengi, na adui mkubwa ni mjumbe wa kikao anayesema, "Tuongeze swali moja tu." Maswali kumi ya namna hiyo humchosha mama, humchosha mdadisi, na urefu wa mtoto hupimwa mwisho kwa haraka.

Hatua ya 4: Fundisheni kwa ngazi, na mtumie siku nyingi kwenye vipimo

Nchi inahitaji watu wa ngazi nne: wapimaji, viongozi wa timu, mameneja wa utafiti wanaoweza kuandika andiko na kuchambua data, na wakufunzi wachache wa kuwafundisha wengine. Kosa la kawaida ni kufundisha wapimaji mia na meneja mmoja. Meneja huyo akipata kazi kwingine, hao mia hawana wa kuwaongoza. Ningependa kuona angalau mameneja wawili kila mkoa ulio katika hatari, mmoja akiwa mtumishi wa wizara na mwingine wa ofisi ya takwimu au chuo.

Mafunzo ya wapimaji yachukue siku tano hivi, na siku moja nzima iwe ya jaribio la kulinganisha vipimo. Tafuteni watoto kumi wenye afya wa umri unaotakiwa. Kila mpimaji ampime kila mtoto mara mbili, uzito, urefu na MUAC, bila kuona namba zake za mzunguko wa kwanza wala za mwenzake. Mkufunzi naye awapime hivyohivyo. ENA italinganisha: nani anatofautiana na nafsi yake kati ya mzunguko wa kwanza na wa pili, na nani anajikubali mwenyewe lakini yuko mbali na mkufunzi. Wa kwanza hana utulivu wa mkono. Wa pili ana mazoea mabaya yaliyokwisha kukomaa, pengine hasukumi kichwa cha mtoto kifike kwenye ubao. Kila mmoja anahitaji marekebisho yake. Aliyeshindwa baada ya kurekebishwa asipewe kazi ya kupima. Apewe kuhoji au kuandika. Iwe hivyo hata akiwa mpwa wa mkubwa fulani.

Tazama jinsi urefu unavyopimwa vizuri, maana hapa ndipo tafiti nyingi huharibika. Mtoto wa chini ya miaka 2, au wa chini ya sentimita 87 kama umri haujulikani, hupimwa amelala. Zaidi ya hapo husimama. Ubao umelazwa mahali tambarare. Msaidizi amepiga magoti nyuma ya kichwa cha mtoto, viganja vyake vimefunika masikio, na utosi umegusa ubao. Mpimaji yuko ubavuni: mkono wa kushoto juu ya magoti ya mtoto, unayanyoosha kwa upole, na mkono wa kulia unaleta kipande cha chini hadi kigote nyayo zote mbili. Viatu vimevuliwa, na nywele zilizofungwa juu zimelegezwa. Mama amekaa karibu na uso wa mtoto, anazungumza naye. Mpimaji anasoma kwa sauti hadi desimali moja, msaidizi anarudia namba hiyo kwa sauti, anaandika, anamwonyesha. Ndipo mtoto anainuliwa. Kurudia namba kwa sauti huonekana jambo dogo, lakini huzuia 78.3 isiandikwe 73.8.

Uvimbe nao una kanuni yake: bonyeza kwa vidole gumba kwenye mgongo wa miguu yote miwili (upande wa juu, si chini ya unyayo) kwa pamoja, sekunde tatu, kisha achia. Shimo likibaki kwenye miguu yote miwili, ni uvimbe wa utapiamlo. Mguu mmoja hauhesabiwi. Kila mtoto wa namna hiyo athibitishwe na msimamizi, kwa sababu watoto wachache waliotambuliwa vibaya hupandisha kiwango cha utapiamlo mkali sana kwa kasi.

Kwa nini nasisitiza hivi? Chukua eneo ambalo wastani wa uzito kwa urefu ni -0.8 na mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika, ni 1.0. Kiwango cha utapiamlo mkali hapo ni kama asilimia 11.5, na mkali sana asilimia 1.4. Sasa wapimaji wavivu wapime watoto haohao, wakikosea juu na chini bila mpangilio hadi mkengeuko ufike 1.2. Wastani haujabadilika hata kidogo, lakini utapiamlo mkali umeonekana asilimia 15.9, na mkali sana asilimia 3.3. Eneo limevuka mstari wa asilimia 15 (mwanzo wa ngazi ya juu sana, tutauona Hatua ya 8) kwa sababu ya mikono ya wapimaji. Chakula tiba kitapelekwa huko, na wilaya jirani yenye hali mbaya kweli itangoja.

Siku ya mwisho ya mafunzo fanyeni zoezi uwandani katika kijiji kisichomo kwenye sampuli, kuanzia kuorodhesha kaya hadi kuingiza data.

Hatua ya 5: Vifaa na kalenda ya matukio

Kila timu iwe na mizani ya kielektroniki inayosoma gramu 100 au chini ya hapo, ubao wa urefu imara, tepe za MUAC, uzito unaojulikana wa kukagulia mizani kila asubuhi, na kijiti cha urefu unaojulikana cha kukagulia ubao. Vishikwambi husaidia sana kwa kuwa hukataa namba zisizowezekana papo hapo, ila dodoso za karatasi ziwepo kwenye begi kwa siku ambayo chaji imeisha.

Vifaa vihifadhiwe mikoani, vikiwa na mtu mwenye jina anayewajibika navyo. Mizani iliyofungiwa katika stoo ya makao makuu, na ufunguo uko kwa mtu aliye likizo, ni sawa na kutokuwa nayo.

Pale ambapo vyeti vya kuzaliwa ni vichache, andaeni kalenda ya matukio kwa kila eneo: misimu ya mvua, sikukuu, uchaguzi, mafuriko, mambo ambayo mama anaweza kuyatumia kukumbuka mwezi mtoto alipozaliwa. Umri usipojulikana vizuri, udumavu unapotoshwa, na mtoto wa miezi mitano anaingizwa kundini na tepe ya MUAC kumwonyesha kama mgonjwa.

Hatua ya 6: Sampuli ikae tayari kabla ya dharura

Hapa ofisi ya takwimu ndiyo yenye kazi kubwa. Orodha ya vijiji na idadi ya watu ihuishwe kila mwaka, hasa kwenye maeneo ya hatari na kambi. Uteuzi wa kawaida ni wa awamu mbili: vijiji au vitongoji huchaguliwa kwa uwiano wa idadi ya watu, kisha kaya huchaguliwa kwa bahati nasibu ndani ya kila klasta, yaani kila kijiji au kitongoji kilichochaguliwa. Klasta zisipungue 25.

Mfano wa hesabu. Mnakadiria utapiamlo mkali asilimia 12, mnataka usahihi wa pointi 3.5 juu na chini, na athari ya klasta (nyongeza ya sampuli kwa kuwa watoto wa kijiji kimoja hufanana) ni 1.5. Zidisha 2.045 (namba ya kitakwimu ya uhakika wa asilimia 95) kwa 2.045 kwa 0.12 kwa 0.88, gawa kwa 0.035 mara 0.035, zidisha kwa 1.5: watoto 541. Kaya ina wastani wa watu 5.5, watoto chini ya miaka 5 ni asilimia 17 ya watu, na takriban asilimia 90 kati yao wana miezi 6 hadi 59, yaani watoto 0.84 kwa kaya. Hizo ni kaya 643, na mkiongeza asilimia 3 za kaya zitakazokosekana zinakuwa 663. Timu ikimaliza kaya 15 kwa siku, mnahitaji klasta 45. Timu tano zitamaliza kwa siku tisa.

Msikubali usahihi wa pointi 2 kwa sababu unapendeza kwenye andiko. Sampuli inakuwa mara tatu, timu zinachoka, na makosa ya uchovu hula usahihi wote mlioununua.

Pia msiwaruke watu wagumu kufikika. Klasta iliyozuiwa na mapigano huachwa kwa sababu iliyoandikwa na hutajwa katika ripoti, na matokeo hayasemwi kuwa ya wilaya nzima. Kaya ambayo wenyewe wametoka hurudiwa jioni. Kubadilisha na kaya ya jirani aliyepo ni kuchagua watu wenye nafasi ya kukaa nyumbani.

Hatua ya 7: Data ikaguliwe kila jioni

Timu zikirudi, meneja aingize data za siku hiyo kwenye ENA na aendeshe ukaguzi wa ubora usiku huohuo. Aangalie mkengeuko sanifu wa uzito kwa urefu, ambao unatarajiwa kuwa kati ya 0.8 na 1.2. Aangalie desimali za mwisho: timu ambayo urefu wake mwingi unaishia na .0 au .5 inakadiria kwa macho. Aangalie kama wavulana na wasichana wanakaribiana kwa idadi, na kama watoto wa miezi 6 hadi 29 ikilinganishwa na wa 30 hadi 59 wako karibu na uwiano wa 0.85. Wadogo wakizidi mno, huenda wapimaji wanawaacha wakubwa waliokwenda kucheza.

Alama ya jumla ya ubora wa data inayotolewa na ENA ikiwa 0 hadi 9 ni bora sana, 10 hadi 14 ni nzuri, 15 hadi 24 inakubalika, na 25 kwenda juu kuna tatizo. Lakini kungoja alama ya mwisho ni kuchelewa. Faida ya ukaguzi wa jioni ni kwamba kesho yake asubuhi, kabla gari halijaondoka, unamwita kiongozi wa timu ya tatu kando na kumwambia bila kumwaibisha: namba zenu za urefu zinaishia na sifuri, leo nitakuwa nanyi. Msimamizi asiyetoka kwenye gari hasimamii chochote.

Na mtoto aliyekutwa na utapiamlo mkali apewe rufaa papo hapo, kwa karatasi inayosema kituo kipi aende, na jina lake lifike kituoni siku hiyohiyo. Kumpima mtoto mgonjwa, kuandika namba yake na kumwacha alivyo ni jambo lisilokubalika. Ridhaa ya mzazi iombwe kwa lugha anayoielewa, naye aambiwe kweli kwamba kupimwa hakumpi wala kumnyima msaada.

Hatua ya 8: Kubalianeni mapema namba ipi inaleta hatua ipi

Mwaka 2018 WHO na UNICEF walitoa ngazi zilizorekebishwa za uzito mdogo kwa urefu: chini ya asilimia 2.5 ni kidogo sana, 2.5 hadi chini ya 5 kidogo, 5 hadi chini ya 10 wastani, 10 hadi chini ya 15 juu, na 15 kwenda juu ni juu sana. Katika uainishaji wa utapiamlo mkali wa IPC, mfumo wa kimataifa wa kupanga ukali wa hali ya chakula na lishe, asilimia 30 ndiyo mwanzo wa ngazi ya tano, iliyo mbaya kuliko zote. Vifo vya jumla vikifika mtu 1 kwa watu 10,000 kwa siku, au watoto 2 chini ya miaka 5 kwa watoto 10,000, ni dharura.

Somalia inatufundisha pande mbili za jambo hili. IPC yenyewe ilianzia huko mwaka 2004, katika kitengo cha uchambuzi wa chakula na lishe kilichokuwa na mazoea ya kupima msimu baada ya msimu. Njaa ilipotangazwa sehemu za kusini tarehe 20 Julai 2011, tangazo lilisimama juu ya vipimo vya lishe na vifo ambavyo hakuna aliyeweza kuvipuuza. Lakini tahadhari zilikuwa zimetolewa miezi mingi kabla, na msaada haukutosha. Utafiti wa baadaye ulikadiria kuwa watu wapatao 258,000 walikufa kati ya Oktoba 2010 na Aprili 2012, zaidi ya nusu yao wakiwa watoto chini ya miaka 5.

Kwa hiyo mpango wa nchi useme kwa kila ngazi: nani anaitwa, fedha zipi zinafunguliwa, ndani ya siku ngapi. Kiwango kikifika asilimia 10 na mavuno yanatarajiwa kuwa mabaya, vituo vya tiba viongezwe sasa, bila kungoja 15. Ripoti ya awali ya kurasa mbili itoke ndani ya wiki moja baada ya kipimo cha mwisho. Kitabu kamili kitafuata. Andikeni kiwango pamoja na mipaka yake ya chini na ya juu, na msiitangaze tofauti ya pointi mbili na mwaka jana kuwa mabadiliko wakati mipaka inaingiliana.

Hatua ya 9: Njia ya haraka pale utafiti kamili hauwezekani

Watu wakiwa bado barabarani, hakuna orodha ya kaya, na usalama unaruhusu saa chache tu, pimeni MUAC na uvimbe kwa kila mtoto anayefikika, mahali pa kusajili wakimbizi au wakati wa chanjo. Namba hiyo inasaidia kuwapata wagonjwa na kuonyesha tatizo linakua au linapungua. Haiwakilishi eneo zima, na ripoti iseme hivyo kwenye mstari wa kwanza. Mafunzo ya MUAC yaende hadi kwa wahudumu wa afya wa jamii na kwa akina mama wenyewe, ambao huweza kuifunga tepe na kusoma rangi yake vizuri.

Hatua ya 10: Watunzeni watu na data

Ujuzi wa kupima hufifia. Fanyeni walau tafiti mbili kila mwaka hata pasipo dharura, ikiwezekana msimu wa njaa na baada ya mavuno, ili timu zibaki na mikono myepesi na nchi iwe na namba za kawaida za kulinganishia. Kila mara, meneja mpya aongoze akiwa na mzoefu pembeni, na mara inayofuata aongoze mwenyewe.

Fedha ziwe na kasma yake katika bajeti ya serikali. Ianze ndogo, ilipe utafiti mmoja; wafadhili waongeze mingine. Posho ziwe sawa kwa mashirika yote, la sivyo wapimaji bora watahamia kwa anayelipa zaidi katikati ya kazi. Data ghafi zote ziwekwe mahali pamoja wizarani, zikiwa hazina majina ya watoto, pamoja na andiko, dodoso na matokeo ya jaribio la vipimo la kila mpimaji. Orodha ya wapimaji ihuishwe kila robo mwaka kwa kuwapigia simu mmoja mmoja: nani yupo, nani amehama, na nani anaweza kuondoka nyumbani kwa taarifa ya siku mbili.